Kuombwa si Kuhitajiwa: Upweke wa Mzee Mwenye Mali, kutoka Roma hadi Nanganga

Utangulizi

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hupita Nanganga, mahali ambapo barabara ya Ruangwa huchepuka kutoka barabara kuu. Kuanzia mwezi Oktoba, korosho zinapokusanywa katika maghala ya vyama vya msingi na minada kufunguliwa, njia panda hiyo huchangamka. Mabasi hushusha vijana waliotoka Dar es Salaam, bati mpya hupakiwa kwenye magari, na simu za wazee hulia kutwa. Ifikapo Machi fedha zimekwisha kugawanywa na vijana wamerudi mjini. Katika nyumba nyingi nzuri za eneo hili, kama ilivyo Masasi mjini na juu ya uwanda wa Makonde kule Newala, hubaki mzee mmoja, redio yake na mikorosho yake.

Somo hili linamhusu mzee huyo. Wazee wengi wa nchi yetu ni maskini, na ni haki kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliutazama umaskini wao, kama Zanzibar ilivyoutazama ilipoanzisha pensheni jamii kwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016. Hata hivyo, yupo mzee asiyehitaji fedha, ambaye sisi wahudumu wa afya humtazama mavazi yake na nyumba yake tukadhani hana shida isipokuwa ile aliyoitaja. Mali yake humficha machoni petu. Nami niliwahi kutomwona, na kosa hilo nusura limgharimu maisha.

Mgonjwa aliyenifundisha

Alikuwa na miaka 74, mgane, mkulima wa korosho kutoka Nanganga. Baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Alihudhuria kliniki ya shinikizo la juu la damu niliyokuwa nikiiendesha kusini kila mwezi. Alikuja kwa teksi, amevaa kanzu safi, na bima yake ilikuwa hai. Alilalamikia mambo yaleyale: miguu mizito, usingizi haba, kichwa kuuma. Mwezi Machi presha yake ilikuwa 178 juu ya 96. Nikaongeza dozi. Mwezi Mei haikushuka, nikaongeza dawa ya pili. Mwezi Julai nikaongeza ya tatu. Kila mara nilimuuliza, "Mzee, dawa unameza?" Kila mara alijibu, "Nameza, Daktari."

Oktoba binti yake alikuja nyumbani kwa ajili ya msimu. Alipoiona karatasi ya dawa alishtuka, akaazimia kumtunza baba yake. Kila jioni alimpikia, akakaa mbele yake, akahakikisha amemeza vidonge vyote. Usiku wa tano mzee aliamka kwenda msalani, akaanguka, akapasuka kichwani. Alipoletwa, presha yake akiwa amelala ilikuwa 108 juu ya 64. Tulipomsimamisha ilishuka hadi 82 juu ya 50. Dawa tatu, ambazo hakuwa akizimeza kwa miezi yote ile, zilikuwa zimeingia mwilini kwa pamoja.

Tulimshona jeraha, na bahati njema nyonga ilikuwa salama. Binti alitoa mfuko wa nailoni uliojaa vidonge vya tangu Machi, pakiti nyingine hazijafunguliwa. Nilimuuliza mzee kwa nini hakumeza.

"Daktari," alisema, "karatasi yako inasema baada ya chakula. Tangu mke wangu aondoke, jioni sipiki. Kumpikia nani?"

Nilikuwa nimepima presha yake mara nne na sikuwahi kumuuliza anakula na nani.

Baada ya wiki mbili nilimtembelea. Ukutani sebuleni palikuwa na picha za watoto wake watano, wajukuu, harusi na mahafali, zote katika fremu nzuri. Alinionyesha moja baada ya nyingine, na kwa kila picha alitaja jambo: huyu nilimlipia ada ya chuo, huyu nilimnunulia pikipiki, huyu kiwanja, huyu mahari. Kisha akasema kwamba watoto wake si wabaya na kwamba simu hulia sana mwezi wa kumi na mbili.

Picha za familia ukutani: filamu ya mwaka 1974

Nikiwa njiani kurudi, ukuta ule ulinikumbusha filamu ya Kiitaliano niliyoitazama nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili. Inaitwa Gruppo di famiglia in un interno, yaani familia iliyokusanyika ndani ya nyumba. Iliongozwa na Luchino Visconti mwaka 1974. Naieleza hapa kwa sababu inaonyesha, wazi kuliko vitabu vingi vya tiba, namna upweke wa mtu mwenye mali unavyofanya kazi.

Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Burt Lancaster, ni profesa mzee, mstaafu, anayeishi peke yake katika nyumba ya fahari mjini Roma. Ana vitabu, ana mtumishi, ana fedha. Hukusanya michoro ya Uingereza ya karne ya 18, ile inayoonyesha familia zilizoketi pamoja nyumbani. Kuta zake zimejaa familia za watu wengine, na mezani pake hapana mtu.

Siku moja mwanamke tajiri, Bianca Brumonti, anamshinikiza ampangishe orofa ya juu. Anaingia na binti yake, mchumba wa binti na kijana aitwaye Konrad, ambaye Bianca ndiye anayemgharimia maisha. Wanapiga kelele, wanavunja kuta, maji yanavuja hadi kwa profesa na kuharibu dari. Kila wanapoteremka wana jambo wanalolitaka. Profesa anakasirika, anataka waondoke, lakini hawafukuzi.

Jambo moja linambadilisha. Usiku mmoja Konrad anapigwa na watu wasiojulikana. Profesa anamwingiza katika chumba cha siri, ambamo mama yake aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa wakati wa vita, naye anamuuguza humo. Siku hizo mzee anaishi upya. Anazungumza, anasubiri, anajali saa. Fedha zake ni zilezile na nyumba ni ileile; kilichoongezeka ni kwamba yupo mtu ambaye, bila yeye, angekuwa hatarini. Mwishoni kijana huyo anakufa katika mlipuko, na mzee anaanguka kitandani. Daktari akiitazama sehemu hiyo atauliza ugonjwa ni upi. Filamu haitaji jina la ugonjwa, nasi tumeziona kesi za namna hiyo wodini.

Visconti aliyajua hayo katika mwili wake. Alizaliwa Milano mwaka 1906 katika familia ya kikabaila yenye utajiri mkubwa. Mwaka 1972 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande mmoja wa mwili. Filamu hii aliitengeneza baada ya kiharusi hicho, na hadithi iliwekwa ndani ya nyumba moja ili hali yake imwezeshe kuiongoza. Alifariki mwezi Machi 1976. Katika miaka yake ya mwisho hakukosa fedha ya tiba. Aliendelea pia kuwa na kazi, na waigizaji na mafundi waliomsubiri asubuhi awaambie la kufanya.

Tajiri wa Roma na mkulima wa Nanganga hawalingani kwa mali. Mzee wangu angeuza shamba lote asinunue hata mchoro mmoja wa profesa yule. Lakini wanalingana kwa ukuta, na wanalingana kwa meza.

Upweke ni nini, nao huumiza vipi

Tutofautishe mambo mawili. Kuishi peke yako ni hali inayoweza kuhesabiwa: watu wangapi wanalala katika nyumba hii? Upweke ni maumivu ya ndani yanayotokana na pengo kati ya uhusiano ulio nao na ule unaouhitaji. Bibi anayeishi peke yake Newala, akiwa na jirani anayempitia kila asubuhi, huenda asiwe mpweke. Babu anayeishi na watu kumi, ambao humsemesha wakati wa kuomba fedha ya mafuta ya pikipiki tu, huenda akawa mpweke sana.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000. Walikuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 50, ya kuwa hai mwishoni mwa kipindi cha utafiti kuliko wenye uhusiano dhaifu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya mwezi Juni 2025, lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ameguswa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Njia za madhara hayo ni kadhaa. Ya kwanza ni ya mwili wenyewe: mtu anayejihisi hana wa kumtegemea huishi katika tahadhari, homoni za msongo kama kotisoli hupanda, usingizi hukatika na presha huelekea kupanda. Ya pili ni ya tabia: hapiki, hatembei, hamezi dawa, au huzidisha pombe, na kusini sote tunajua uraka unavyopatikana kwa wingi mabibo yanapoiva. Ya tatu ni ya ucheleweshaji: kiharusi kinapoanza usiku, hakuna wa kuona mdomo umepinda. Kwa mgonjwa wangu njia ya pili ndiyo iliyofanya kazi, nami niliidhania kuwa presha sugu.

Upweke pia huweza kuwa dalili ya kitu kingine. Mzee asiyesikia vizuri huacha kwenda kwenye baraza kwa sababu amechoka kucheka asichokielewa. Mwenye mtoto wa jicho huogopa kutembea jioni. Anayeanza kupoteza kumbukumbu hujitenga ili asiumbuke. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa takribani asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Kwa hiyo si ugonjwa wa Ulaya pekee. Kabla ya kusema "mzee huyu ni mpweke," chunguza masikio, macho, kumbukumbu, na uangalie kama ana sonona.

Kuombwa na kuhitajiwa

Hapa ndipo kiini cha somo hili. Mali humletea mzee watu, na kwa hiyo jamii hudhani hana upweke. Lakini watu wanaoletwa na mali huja kuomba. Kuombwa kuna mwisho wake: ukishatoa, aliyeomba ameondoka. Tena, anayeombwa anajua kwamba angeweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye fedha, au na benki. Kuhitajiwa ni kuwa na jambo ambalo wewe ndiye unayelijua, unayelifanya au unayesubiriwa ulifanye, na usipokuwepo kesho pengo litaonekana.

Korosho za sasa zimeliongeza tatizo hili pasipo mtu kukusudia. Zamani mavuno yalihitaji mikono ya ukoo mzima. Leo mazao huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, na malipo huingia katika akaunti. Mfumo huo una manufaa yake, na wengi walioumizwa na kangomba wanaujua umuhimu wake. Lakini fedha inayofika katika simu huweza pia kuondoka kwa simu, pasipo mtoto kuketi na baba yake chini ya mkorosho. Na katika jamii za kusini zinazofuata ukoo wa mama, mjomba aliyekuwa akisubiriwa kwa shauri la ndoa na jando, leo husubiriwa kwa mchango.

Zimbabwe inatupa mfano mzuri wa kinyume chake. Tangu mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, amewafunza bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye sonona na wasiwasi, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia suluhisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Tazama nafasi ya bibi hao. Jamii imewaita watibu, na asubuhi wanasubiriwa.

Maswali kwa mhudumu wa afya

Muda wa kliniki ni mfupi, nami naujua msururu wa wagonjwa. Maswali yafuatayo huchukua dakika tatu. Mwamkie mzee kwanza, keti, kisha uliza.

1. Jana jioni ulikula nini, na ulikula na nani?
2. Usiku ukizidiwa, ni nani utakayemwita, na atachukua muda gani kufika?
3. Ni lini mara ya mwisho uliongea na mtu jambo lililo moyoni mwako, lisilohusu fedha?
4. Ni nani angepata shida kama usingeamka kesho?

Swali la nne ni zito. Liulize kwa sauti ya upole na umwache anyamaze. Mzee mmoja alinijibu, "Mbuzi." Sikucheka, kwa maana mbuzi wale ndio waliokuwa wakimwamsha.

Usiulize tu "Unameza dawa?" kwa kuwa jibu la heshima ni "ndiyo." Mwombe alete vidonge vyote, uvihesabu pamoja naye. Kama presha haishuki, hesabu vidonge kabla ya kuongeza dozi. Kwa mzee, pima presha akiwa amelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Kushuka kwa 20 au zaidi katika namba ya juu, au 10 au zaidi katika ya chini, ni ishara ya hatari ya kuanguka. Na kama ndugu ameanza kusimamia dawa zilizokuwa hazimezwi, usiache dozi zote kama zilivyoandikwa; anza upya na mpime baada ya siku chache.

Kwa sonona, uliza kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi amekosa hamu au furaha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi amejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lipe alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, mchunguze zaidi au mpe rufaa. Uliza pia waziwazi kama amewahi kufikiri kujidhuru. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulisema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apate msaada siku hiyohiyo.

Kisha andika katika faili jina la mtu anayekula naye, kama unavyoandika kundi la damu. Kama hakuna jina, mshirikishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kwa mzee na kwa watoto wake

Mzee wangu unayesoma au kusomewa haya: kutaja upweke kliniki si kulalamikia watoto, wala si aibu. Ni dalili kama kizunguzungu. Usipomweleza daktari kwamba hupiki, ataongeza dozi kama nilivyofanya mimi. Na kama unayo nguvu, usigawe fedha pekee. Gawa ujuzi. Kijana anayepanda miche ya kisasa hajui kupogolea, wala hajui kusoma majani yanapoanza kushikwa na ubwiriunga. Wewe unajua.

Watoto mlio Dar es Salaam na kwingineko: chagueni siku moja ya kumpigia mzee kila wiki, ijulikane, na katika simu hiyo fedha isitajwe. Mwombeni shauri na mlifuate, kisha mrudishe taarifa ya lilivyokwenda. Njooni pia mwezi Machi, wakati njia panda ya Nanganga imetulia. Mkianza kumsimamia dawa, mpelekeni kwanza akapimwe.

Hitimisho

Mgonjwa wangu alirudi kliniki kwa miezi mingi. Tulimpunguzia dawa kutoka tatu hadi mbili. Mhudumu wa afya wa kijiji alimuunganisha na kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, ambaye bibi yake alitaka ajifunze kutunza mikorosho michache waliyoachiwa. Kijana alifika alasiri, akafundishwa, wakala pamoja chakula cha jioni kilichopikwa kwa zamu katika nyumba hizo mbili. Presha ilishuka hadi 144 juu ya 82. Sidai kwamba mazungumzo ndiyo yaliyoishusha. Dawa ndiyo iliyoishusha, kwa kuwa sasa ilimezwa, na ilimezwa kwa kuwa kulikuwa na chakula, na chakula kilikuwepo kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kula naye.

Siku moja alichelewa kliniki. Alipofika aliomba radhi, akasema amemwacha kijana juu ya mti na msumeno, naye hawezi kukaa sana. Katika miaka yangu ya udaktari sijawahi kufurahi hivyo kuona mgonjwa akitazama saa. Nilimpima haraka, nikahesabu vidonge, nikamruhusu aende zake.